Biskuti za Adhuhuri

Haya, nyie mnaoanza kazi ya watoto, sogeeni karibu mnisikilize, maana sitapaza sauti. Sauti yangu ya juu niliimaliza skuli. Nilisomesha watoto wadogo tangu nikiwa msichana mpaka nilipostaafu, na katika miaka yote hiyo swali ambalo wazazi waliniuliza zaidi halikuhusu kusoma wala kuandika. Lilihusu likizo. "Mwalimu, tutawafanya nini hawa?" Waliuliza kama watu wanaosubiri mafuriko. Kisha walikwenda sokoni Darajani wakanunua kitu cha rangi kinachopiga kelele, mtoto akakivunja kabla ya jua kuzama, na mzazi akarudi kuniambia kwamba watoto wa siku hizi hawatosheki.

Siwalaumu. Wala nyie msiogope, kazi hii inafundishika. Nitaieleza polepole, na pale nitakapokwenda mbio mnishike nguo.

Likizo yetu kubwa ilikuwa Ramadhani. Mwanzoni mwa miaka ya hamsini mwezi ule uliangukia kipupwe, hewa ya baridi kidogo na upepo wa kusi kila siku. Skuli zikifungwa, watu wazima walilala mchana kwa bidii kubwa. Watoto hawakulala. Mtoto wa mtaa wetu wa Kikwajuni, ambaye baba yake amelala na mama yake anakuna nazi za futari, alikuwa na mahali pamoja tu pa kucheza, nayo ni barabara ya kwendea Jang'ombe. Huko kulikuwa na magari ya ng'ombe, baiskeli, na motokaa za watu waliokuwa na haraka ya kwenda kulala. Mwaka uliotangulia haya ninayosimulia, gari la ng'ombe lilimkanyaga mtoto mmoja mguu. Tangu hapo kina mama wengi waliwafungia watoto wao chumbani tangu asubuhi. Kama hamjawahi kufungiwa chumbani na baba anayekoroma, hamwezi kujua urefu wa mchana.

Nyuma ya nyumba za mtaa ule palikuwa na kiwanja kitupu chenye ukuta pande zote na mlango mmoja. Bi Salama, mwalimu aliyenitangulia kazini na aliyenifunza kila ninachokijua, alikwenda kukiomba kwa wenyewe. Wenyewe ilikuwa ni Kamati.

Kamati hii iliundwa kwa ajili ya kuwastarehesha watoto wakati wa likizo, na kila mjumbe wake alikuwa mtu mzima wa heshima ambaye hajakaa na mtoto kwa muda unaozidi wa kupigwa naye picha moja. Walikutana mara nyingi. Kikao kimoja kizima walikimaliza kwa kuzungumzia kamba ya pembea, kama iwe ya makumbi au ya mkonge. Wakagawanyika, na pembea haikuja kabisa. Kilichokuja ni ubao, ukapigiliwa misumari mlangoni pa kiwanja. Uliandikwa hivi: "Uwanja wa Kuchezea Watoto. Usikimbie. Usipande ukuta. Usipige kelele." Watoto waliojua kusoma waliwasomea wasiojua, kisha wote wakaingia mbio.

Tulipewa kiwanja kwa sharti. Katikati ya mwezi Kamati ingekuja kutazama kama watoto wanafurahi. Wakifurahi, kiwanja ni chao. Wasipofurahi, kinarudi serikalini.

Sasa niwaeleze ufundi wenyewe, maana mtu anaweza kudhani ni kuwafungulia tu mlango.

Siku yangu ya kwanza niliwaona watoto asubuhi wana nguvu kama mbuzi waliofunguliwa, nikawachezesha nage. Mpira wa matambara ukaruka, wakakimbia, wakacheka, nikajiona mwalimu hodari. Kufika adhuhuri watatu walikuwa wamelala juu ya mchanga, mmoja analia bila kujua anachokililia, na kundi zima la wavulana lilikuwa linakwenda na kurudi kwenye birika la msikitini kutia udhu. Nilifurahi kuona ucha Mungu wao. Bi Salama akaniuliza, "Zuwena, mwanangu, umewahi kuona mtu akisukutua kinywa mara nne kwa sala moja?"

"Pengine wanataka kuwa safi."

"Pengine. Watazame koo."

Nikatazama koo. Zilikuwa zinapanda na kushuka.

Basi jifunzeni kutoka hapo. Mtoto aliyefunga ana nguvu asubuhi, kwa hiyo asubuhi ndipo umkalishe. Mpe mdako na vijiwe vitano, mpe kusuka pete za makuti, mpe gololi. Mbio zake mwekee baada ya alasiri, wakati jua limepoa na harufu ya bajia imeanza kutoka majumbani, kwa sababu hapo hata ukimpa dhahabu hatakaa chini. Ukigeuza mpango huu utashinda mchana ukiwabeba.

Tiara za kurusha angani nazo zilitufunza. Tiara nzuri haihitaji duka. Gazeti kuukuu, chelewa mbili za mnazi ulizozichonga nyembamba, uzi uliobaki kwa fundi cherehani, mkia wa tambara. Gundi tulipika kwa unga wa ngano na maji. Siku ya kwanza nilipika bakuli zima, nikageuka kukata gazeti, nilipogeuka tena bakuli lilikuwa jeupe na kavu kama lililooshwa. Watoto wote walikuwa wamefunga. Niliwauliza mmoja mmoja. Hakuna aliyeijua gundi.

Kesho yake Bi Salama alikuja na shubiri, ile ile ambayo mama hujipaka anapomwachisha mtoto ziwa, akaitia ndani ya gundi. Nikaona vidole viwili vitatu vikiingia bakulini kwa siri, na nyuso zao zikabadilika kama watu waliokumbuka msiba wa zamani. Tangu siku hiyo gundi ilitosha, na tiara zetu zilionekana mpaka viwanja vya Mnazi Mmoja.

Lazima niwaeleze jambo jingine, maana bila hilo hamtaelewa yaliyotupata. Mtoto mdogo halazimiki kufunga. Lakini hakuna mtoto wa Kikwajuni aliyekubali kuitwa mtoto mdogo. Wenye miaka sita walifunga mpaka adhuhuri, wakala, kesho wakafunga kuanzia adhuhuri mpaka jioni, wakasema wameunga nusu mbili, siku moja imetimia. Asiyeaminiwa aliambiwa, "Toa ulimi." Ulimi mweupe, amefunga. Ulimi mwekundu, amekula, na atachekwa mpaka sikukuu. Na walikuwa wanaamini kwamba hata kumeza mate kunafungua. Kwa hiyo walitema. Walitema kwa adabu, kwa kugeuka pembeni na kuinama, lakini walitema mchana kutwa, na mchanga wa kiwanja chetu ulikuwa na madoa kama umenyeshewa mvua ya rasharasha.

Bingwa wa mambo haya alikuwa Mwanaidi, msichana wa miaka minane, mwembamba, aliyefunga mwezi mzima na kuwakagua wenzake ndimi kama mkaguzi wa skuli. Alikuja kila siku na mdogo wake, Suleiman, wa miaka minne, ambaye hakufunga chochote na alitembea na kipande cha mkate wa kumimina kwapani. Mama yao alikuwa mmoja wa wale waliokuwa wakiwafungia ndani.

Siku moja kabla ya ukaguzi, Mwenyekiti wa Kamati, Bwana Himidi, alitujia. Alikuwa karani mkubwa mstaafu, mtu mpole, mwenye kofia safi kuliko zote mtaani.

"Kesho saa sita," alisema.

"Saa sita za mchana, Bwana Himidi?" aliuliza Bi Salama.

"Za mchana. Atakuja yule Bibi wa Kizungu wa Kamati, mke wa mkubwa mmoja. Ni mgeni bado, hana miezi mingi hapa. Jioni ana mambo yake."

"Anakuja mikono mitupu?"

"Hasha. Analeta biskuti. Kopo kubwa la bati, na sukari juu yake."

Bi Salama alikunja buibui lake magotini kabla ya kujibu. "Biskuti. Ramadhani. Saa sita za mchana."

"Bi Salama, watoto hawana saumu. Sheria iko wazi."

"Sheria iko wazi. Watoto ndio hawajaisoma."

"Basi waelezeni."

"Waeleze wewe. Mwanaidi yule pale. Nenda kamwambie yeye ni mtoto, mie nitakusubiri mlangoni na kitambaa cha kukufutia."

Bwana Himidi hakwenda. Wala hakwenda kumwambia yule Bibi abadilishe saa, kwa sababu Bibi alikwishapanga, na mgeni aliyepanga jambo kwa moyo mzuri huwezi kumvunja. Nasi tulinyamaza, kwa sababu Bwana Himidi ni mtu mzima na amekwisha mwitikia mgeni, nawe huwezi kumtoa mtu mzima kwenye neno lake. Hivi ndivyo watu wanne wenye akili timamu walivyoacha biskuti zije saa sita. Ustaarabu wetu ni mzuri sana, vijana, ila una siku zake.

Bibi alikuja. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye uso mwema na kofia pana, na kwa Kiswahili alijua neno "karibu." Wajumbe walikuja na viti vyao na mwavuli mkubwa wa kuvifunika. Watoto walipangwa juani, kwa sababu juani wanaonekana vizuri.

Wa kwanza mstarini alikuwa Mwanaidi. Bibi alifungua kopo, akainama, akasema, "Karibu."

Harufu ya siagi na sukari ilitoka. Mwanaidi alizitazama zile biskuti. Niliona kinywa chake kikijaa mate, nami nikajua kitakachofuata na sikuwa na njia ya kukizuia. Aligeuka pembeni kwa adabu zote alizofunzwa, akainama, akatema.

Bibi alirudi nyuma hatua moja. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu mwema, akasogea kwa mtoto wa pili. "Karibu." Wa pili akatema. Wa tatu akatema kabla ya kukaribishwa. Mstari mzima ulikwenda hivyo, mtoto baada ya mtoto, kila mmoja akiinamia kopo, kuvuta harufu, na kutema. Wengine walikuwa hawajafunga, nawajua, nilikuwa nimewaona na mihogo asubuhi. Lakini nani atakuwa wa kwanza kunyoosha mkono mbele ya wenzake wote?

Mwishoni mwa mstari alisimama Suleiman. Huyu alinyoosha mkono.

"We Sule," dada yake alimwita toka mbele, bila kupaza sauti. "Umefunga au hukufunga?"

Suleiman aliitazama biskuti. Akautazama mstari. Makombo ya mkate yalikuwa bado yako kidevuni.

"Nimefunga," alisema, akaurudisha mkono, akatema. Na kwa kuwa yeye hakuwa na kiu, alitema mate mengi kuliko wote.

Bibi alifunga kopo. Alimuuliza Bwana Himidi kwa Kiingereza watoto wana nini. Bwana Himidi, ambaye hakutaka kumuaibisha mgeni kwa kumwambia alikosea saa, wala kujiaibisha mwenyewe kwa kuwa aliikubali, alitafuta neno la kupoza. Akalipata. Alimwambia kwamba wameshiba.

Bibi akasema maneno mengi, taratibu. Bwana Himidi akatugeukia, kofia yake safi imelowa jasho. "Bibi anasema watoto walioshiba namna hii hawahitaji msaada wa Kamati. Anasema hawakimbii, hawacheki, na hawapendi wageni. Kiwanja kitarudi kesho. Serikali inataka mahali pa kuwekea motokaa za ofisi."

Mwanaidi alikuwa karibu, akasikia. "Kwa hiyo kesho tukacheze wapi?"

"Kwenu," alisema Bwana Himidi.

"Kwetu chumba kimoja, na baba amelala."

"Basi mcheze kimyakimya."

"Mchezo gani?"

Mtoto hakumuuliza kwa ukorofi, alitaka kujua. Alimshika Suleiman mkono, akaanza kuokota vijiwe vyake vya mdako, kimoja kimoja, akavifunga kwenye pindo la kanga. Nyuma yake watoto wengine nao wakaanza kuokota vya kwao. Hakuna aliyelia.

Hapo nikafungua kinywa. Bi Salama alinifinya mkononi, na mpaka leo sijui kama alikuwa ananizuia au ananisukuma. Nilisema kwa Kiingereza changu cha skuli, kilichokuwa na maneno machache lakini yote mazima. Nilimwambia Bibi kuwa watoto hawakushiba. Wamefunga. Kutema ni kulinda saumu. Na kwamba kama anataka kuwaona wanafurahi, aje magharibi, mzinga wa kufuturu unapopigwa pwani.

Bwana Himidi alikuwa anakitazama kiti chake.

"Wamefunga wote?" aliuliza Bibi.

"Wote."

Alimtazama Suleiman na makombo yake. "Na huyu?"

"Huyu amefunga tangu ulipofungua kopo."

Midomo yake ilicheza kidogo. Alifikiri, kisha akaliweka kopo mchangani, katikati ya kiwanja, akasema atarudi magharibi na uamuzi ungojee mpaka hapo. Bwana Himidi akasema kwa usalama kopo lingefaa kukaa ofisini kwake. Bibi akasema litakaa pale pale lilipo. Wakaondoka na viti vyao.

Mimi nilitoka jasho. Tangu saa sita mpaka magharibi, watoto waliofunga na kopo la biskuti, bila mlango kati yao. Nilimwambia Bi Salama tulifunike kwa mkeka.

"Usiliguse," alisema. "Kaa chini utazame."

Nikakaa. Kwanza walilizunguka kopo kwa mbali, kama paka na kaa. Kisha wakakaa duara. Mmoja akasema kuna biskuti mia. Mwingine akasema mia ni nyingi, kopo lingevimba. Wakaanza kubishana, na kubishana kulichukua muda mzuri wa mchana. Wakaligonga ubavuni kusikiliza limejaa mpaka wapi. Wakachora mchangani mgao, nani na nani, na waliokuwa hawakuja leo wapewe au wasipewe, na mwenye ndugu watatu ahesabiwe vipi. Wakateua walinzi wa zamu. Walinzi wakateuliwa walinzi wa kuwalinda. Mwanaidi alikagua ndimi za wote kila baada ya muda, nami siku ile nilikagua koo zao: hakuna hata mmoja aliyekwenda msikitini kutia udhu wa ziada. Hata Suleiman alikaa. Mkate wake ulimwanguka kwapani, ukaliwa na kuku, wala hakugeuka.

Sikuwachezesha mdako, sikuleta gazeti, sikupika gundi. Nilikaa nimeegemea ukuta na mikono yangu magotini, siku ya kwanza tangu mwezi uandame.

Bibi alirudi jua likiwa limeshuka. Bwana Himidi alikuwa nyuma yake, amebadilisha kofia. Walisimama mlangoni, karibu na ule ubao, wakaona duara kubwa la watoto na kopo katikati, na watoto wote wametega masikio kuelekea pwani. Hakuna aliyewatazama. Bibi alitaka kusema kitu, Mwanaidi akamwashiria kwa kidole mdomoni mwake mwenyewe, yaani anyamaze. Mke wa mkubwa akanyamaza.

Mzinga ukalia.

Sitaweza kuwaeleza kelele ile. Walikimbia, walipanda ukuta, walipiga kelele, kila kilichokatazwa na ubao walikifanya kwa wakati mmoja. Kisha Mwanaidi akapiga makofi, duara likarudi, kopo likafunguliwa. Hapo ukazuka ugomvi wa mwisho: Suleiman ahesabiwe kafunga au hakufunga? Wengine walisema alikula asubuhi, wana ushahidi. Dada yake alifikiri, akatoa hukumu kuwa leo amefunga nusu ya pili, na nusu ya kwanza ataifunga kesho, waunge. Kwa hiyo apewe nusu ya biskuti leo. Suleiman alikubali hukumu bila rufaa. Bibi wa Kizungu alipewa biskuti nzima, ijapokuwa hakutoa ulimi.

Kiwanja kilibaki chetu, likizo ile na nyingine nyingi. Katika kikao kilichofuata Bwana Himidi alieleza kwamba ukaguzi aliupanga kwa makusudi mara mbili, adhuhuri kwa furaha ya kimya na magharibi kwa furaha ya kelele, na Kamati ikampongeza. Ubao uliongezewa mstari wa katazo la nne: "Usifungue kopo kabla ya mzinga." Watoto waliojua kusoma waliwasomea wasiojua, na huo mstari pekee ndio ulioheshimiwa.

Nyie hamtahitaji Ramadhani wala Kamati kufanya hivi. Likizo ijayo tafuteni kopo lenye mfuniko. Tieni ndani kitu kidogo kinacholika, kimoja kwa kila mtoto, mlifunge mbele yao. Waambieni litafunguliwa saa ngapi, na saa hiyo msiibadilishe hata wakiwalilia. Liwekeni chini, katikati yao. Kisha nyie kaeni ukutani, na msiliguse.